Soma Ukiwa Umekaa Kwenu

Riwaya ya Peponi niliimalizia ndani ya basi, tumeshavuka daraja la Malagarasi kuelekea Kibondo, magunia yangu manne ya maharage ya njano yakiwa chini kwenye buti. Nilipofunga ukurasa wa mwisho nilikasirika. Kijana tuliyekaa naye kiti kimoja, aliyekuwa anakwenda msibani, akaniuliza kama nimepokea habari mbaya. Nikamwambia ndiyo: Yusuf ameondoka, na hakumuaga mtu. Tukaanza kuzungumza habari za Yusuf, tukafika stendi bila kujua. Kabla hajashuka aliniomba jina la kitabu, nikamwandikia nyuma ya risiti ya mzigo.

Ninamwandikia yeye, pamoja na wote wanaonisimamisha gulioni Kasulu, mkoani Kigoma, kuniuliza: mama, nisome nini? Nikishawajibu, wengi hurudi na swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: nisome vipi hadi nimalize, na nikimaliza nipate la kusema? Nimeuza maharage miaka mingi, na kusoma nimesoma miaka mingi zaidi. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja. Usiingie kitabuni kama mgeni anayeoneshwa mji wa watu. Soma ukiwa umekaa kwenu, kwa macho ya mtu wa Buha, nchi yetu Waha, na ukimaliza kipeleke nyumbani ukakizungumze na watu wako. Nitaeleza kwa vitabu nilivyosoma tangu mavuno ya mwaka jana, nikisema wazi nilichokipenda na kilichoniudhi.

Nianze na hiyo Peponi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi wetu tuliona aibu kwamba mtu wa nyumbani ametunzwa na dunia nasi hatujaweza kumsoma kwa lugha yetu. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapa mwaka 2022. Yusuf ni mtoto ambaye baba yake ana deni, na deni hilo linalipwa kwa yeye kuchukuliwa na tajiri aitwaye Aziz. Anawekwa dukani pwani, halafu anatiwa katika msafara unaopandisha bara hadi ng'ambo ya ziwa.

Watu huiita riwaya ya pwani. Mimi nasema sehemu yake kubwa ni ya huku kwetu. Msafara ule unapita katika nchi za watu, na watu hao wana watawala wao, mashamba yao na kumbukumbu zao. Unapofika kwa mtawala aitwaye Chatu, bidhaa zote zinachukuliwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimhurumia Aziz, kwa sababu mimi mwenyewe ni mfanyabiashara na najua uchungu wa mzigo kupotea. Mara ya pili nikasimama palepale nikajiuliza: kama mimi ningekuwa mwanamke wa mji wa Chatu, na wafanyabiashara waliotangulia walikuja wakatudhulumu, ningelia kwa ajili ya nani? Gurnah amempa Chatu sababu zake, na zimo humo kitabuni. Ni mimi niliyezipita haraka, kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda msafara na wenye mali.

Swali hilo lilinipeleka kwenye kitabu cha zamani sana, kile cha Henry Morton Stanley kinachosimulia alivyomtafuta Livingstone, kilichotoka mwaka 1872. Kiko kwa Kiingereza na ni kinene. Anayesoma Kiingereza na amezaliwa mkoa huu, naomba asome japo zile kurasa za Novemba 1871, Stanley anapokatiza Uha kwenda Ujiji. Anadaiwa hongo. Anamtaja mtwale mmoja, yaani mtawala wa eneo, aitwaye Mionvu, aliyemtaka vitambaa vingi. Analipa, mbele anaambiwa kuna mwingine wa kulipwa, na mwisho anaamua kutoroka usiku na watu wake kupitia porini ili asilipe tena. Kwa kalamu yake, babu zetu ni wanyang'anyi.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Leo ukisema hongo, kila mtu anaelewa rushwa, kitu cha kuficha chini ya meza. Wakati wa misafara, hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Mwenye nchi alitozwa gharama na wageni wale: watu kwa mamia wenye bunduki, wanaokunywa maji yake, wanaonunua chakula cha watu wake, wanaokanyaga mashamba. Akatoza, na waliopita walijua watatozwa. Sisemi kila mtwale alikuwa mwadilifu, na wapo waliozidisha. Lakini mtu anayepita shambani kwa mwenzake usiku ili asilipe, halafu akaandika kitabu akimwita mwenye shamba mwizi, anahitaji msomaji wa kumjibu, na msomaji huyo anatakiwa atoke Kasulu, Kibondo, Heru Juu. Kila mkisoma kitabu cha safari, ulizeni ardhi inayopitwa ni ya nani, na kama mwenyewe amepewa nafasi ya kusema.

Neno moja kuhusu lugha ya Peponi. Kiswahili chake kina harufu ya Unguja, na msomaji aliyekulia Kiha atakutana na maneno asiyoyajua. Usikimbilie kamusi kila mstari, utachoka kabla ya sura ya tatu. Pigia neno mstari mwembamba kwa penseli, endelea, na jioni tafuta yale matatu au manne yaliyokuzuia kuelewa. Mengine yatajieleza yenyewe yakirudi mara ya pili. Mimi nilimpelekea mama mmoja Mkongo, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ukurasa ulionishinda. Kiswahili chake ni cha Kivu, changu cha Kasulu, cha kitabu ni cha pwani, na kati yetu wawili tukaupata ukurasa wote.

Kwa yule ambaye hajawahi kumaliza kitabu tangu atoke shule, sitampa Peponi. Nitampa Ben Mtobwa. Huyu alikuwa mtoto wa mkoa wetu wa Kigoma, akafariki mwaka 2008, na alijua kumshika msomaji shati. Salamu kutoka Kuzimu nilimpa fundi pikipiki mmoja wa pale mjini ambaye alidai kusoma kunamletea usingizi. Alirudisha baada ya siku tatu, akauliza kama yule mpelelezi, Joram Kiango, yupo kwenye kingine. Nikampa Tutarudi na Roho Zetu?, nacho kikaenda. Wapo walimu wanaodharau vitabu vya upelelezi. Wanakosea. Mtu hujenga pumzi ya kusoma kwa kitabu kinachomvuta, kama vile mtoto anavyozoea kupanda Heru Juu kwa kutumwa vitu vidogo. Ila ninalo langu kwa Mtobwa, na humwambia kila ninayemkopesha: wanawake wake mara nyingi tunaoneshwa maumbo yao kwanza, na akili zao baadaye, au tusioneshwe kabisa. Soma, furahi, na hilo lione.

Wengine wanasoma kwa woga, wakidhani kuacha kitabu ni dhambi. Acheni. Kurasa arobaini zinatosha. Kama mpaka hapo hakikushiki, kiweke, chukua kingine, ukirudie mwakani. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kijitabu chembamba kuliko daftari langu la madeni, nami niliiacha mara mbili. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, peke yangu, kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake bila kumkatiza, nikafika mwisho. Bado siwezi kusema nimeielewa yote. Nasema imenikaa, na hilo kwangu ni sababu ya kutosha kuitunza.

Kwa Kezilahabi huyohuyo kuna kitabu kingine ambacho naona kila nyumba ya Kasulu na Kibondo yenye mzee ingekuwa nacho: Gamba la Nyoka, cha mwaka 1979. Ni habari ya vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, na ya wanakijiji wanaohamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa. Wasomaji wa mikoa mingine wanaisoma kama historia ya nchi. Kwetu ni historia ya ukoo. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupelekewa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza mwezi Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Waha walikuwa wanakaa kila kaya katika migomba yake, mlima huu na mlima ule. Ghafla wakapangwa kwa mistari kando ya barabara.

Nilichofanya na kitabu hicho ndicho ninachowashauri. Nilisoma sura mbili, nikaenda kwa shemeji yangu mzee, nikamsimulia kwa maneno yangu kile kilichotokea kitabuni. Sikumuuliza lolote. Alinyamaza kwa muda, akaniambia: hapo mwandishi hakusema habari za mbuzi. Akaanza kueleza jinsi mbuzi wake walivyokuwa wanarudi wenyewe kwenye mahame kila jioni, mwezi mzima, naye anawafuata, hadi akazoea kukaa kule mpaka giza liingie. Nimeishi na mzee yule ukoo mmoja zaidi ya miaka ishirini, na habari ya mbuzi sikuwahi kuisikia. Nikarudi kwa Kezilahabi nikiwa na jambo la kumwambia. Riwaya yake inawacheka sana wanakijiji. Kicheko hicho kina ukweli ndani yake, lakini baada ya mbuzi wale mimi nilikiona kimezidi mahali fulani. Hayo ndiyo maoni. Mtu akikwambia kitabu kizuri au kibaya hajasema kitu bado. Aseme ni wapi, na kwa nini, na amekipima kwa kitu gani alichokiona kwa macho yake.

Hapa ndipo mahali pa kuwasema vijana wa sekondari. Wengi wenu mnasoma vijitabu vya uhakiki vinavyouzwa stendi, vyenye dhamira, ujumbe na wahusika vikiwa vimepangwa tayari kwa mtihani, na riwaya yenyewe hamuifungui. Chukueni Takadini ya Ben Hanson, ambayo wengi mnaisoma darasani. Kijitabu kitawaambia ni habari ya mila potofu. Riwaya inawaambia habari ya Sekai, mama aliyezaa mtoto mwenye ualbino katika kijiji ambacho desturi inataka mtoto wa namna hiyo asiishi, akambeba mgongoni usiku akakimbia naye. Inasimuliwa kuwa ilitokea Zimbabwe. Lakini ninyi mko Kasulu, wilaya yenye Kabanga, ambako watoto wenye ualbino waliletwa kutoka sehemu mbalimbali walindwe baada ya mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Wengine waliletwa na mama zao, wengine wakakaa pale miaka bila kuwaona. Kuna mwanafunzi gani nchini aliye karibu na kitabu hicho kuliko ninyi? Nawasihi, kisomeni chote, pole pole, na mkifika pale Sekai anapofika kijiji kigeni akiwa hajui kama atapokewa, simameni. Jiulizeni kama mlangoni kwenu angepokewa. Mtihani wenyewe mtaufaulu, kwa sababu mtu aliyesoma hana haja ya kukariri wahusika.

Kitabu nilichokipenda kuliko vyote msimu huu ni kirefu, na kinataka subira: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akakaa nacho bila mchapaji. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House (TPH) wakakitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano mtu anasubiri kitabu chake! Kwa hiyo anaponijia mtu na nakala iliyotolewa fotokopi, au faili la kitabu linalozungushwa kwenye simu bila ridhaa ya mwenyewe, huwa namsimulia habari ya Kitereza. Waandishi wetu wanakula kwa vitabu hivi, wakipata.

Myombekere na mkewe hawajapata mtoto, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kumwomba arudishwe. Wakwe wanadai faini ya pombe. Mwandishi hana haraka. Anakuonesha ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anakaribishwa, nani anakaa wapi. Msomaji wa mjini anaweza kuruka kurasa hizo, na atakuwa amekosa kitabu. Mimi nilimsomea mama mkwe wangu jioni, baada ya ugali, kwa taa ya sola, nikimgeuzia Kiha pale Kiswahili kilipompita. Kwenye ndizi alinikatiza: huyo bwana ameeleza vizuri, lakini sisi hapo tunafanya hivi. Tulikaa na ukurasa mmoja jioni nzima. Nilipofika pale Bugonoka analia kwao, akaweka chini ungo aliokuwa anapepetea, asiushike tena mpaka nilipofunga kitabu. Alikaa bila mtoto miaka sita kabla ya kumpata mume wangu. Hilo nililijua kwa kuambiwa na wengine. Jioni ile alilisema mwenyewe. Wenye wazazi wasiosoma, wasomeeni. Chagueni kitabu chenye maisha wanayoyajua kuliko ninyi, muwaache wasahihishe.

Niseme na mambo ya vitendo. Vitabu huku havipatikani kirahisi, na riwaya moja mpya inaweza kula faida ya gunia. Sisi watu sita, wanne Kasulu na wawili Kibondo, tunacheza upatu wa vitabu. Kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mwenye zamu anachagua kitabu. Tunatuma fedha kwa simu kwa ndugu aliye Dar es Salaam, anakwenda duka la vitabu la TPH pale barabara ya Samora, anafunga na kukabidhi kwenye basi. Kitabu kinazunguka kwa wote sita, kila mtu wiki tatu, kisha kinabaki mali ya aliyekichagua. Anayechelewa anasubiri mwisho wa foleni mzunguko unaofuata. Sheria hiyo tuliiweka baada ya kitabu changu cha Vuta n'kuvute, cha Adam Shafi, kukaa kwa mtu mmoja mwaka na nusu na kurudi bila jalada. Kitabu chenyewe kilinifaa sana: Yasmin, binti mdogo anayeozwa mwanamume wa kumzaa, anavunja ukuta mmoja baada ya mwingine. Ila ningependa Mwajuma, shoga yake aliyempa kitanda na chakula, apewe kurasa nyingi zaidi. Wanawake wanaowapokea wenzao usiku wanasahaulika hata vitabuni.

Kitabu kikifika, kivishe gazeti kabla ya kukifungua, maana vumbi jekundu la njia yetu likiingia kwenye karatasi halitoki. Usikiweke kwenye boksi lililokaa sakafuni. Mchwa watakitangulia kukisoma chote. Panga matofali mawili, weka ubao, kiwe mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na moshi wa jikoni. Safarini kifunge kwenye nailoni.

Na muda? Mkulima na mfanyabiashara hawawezi kusoma miezi yote sawasawa. Maharage yakivunwa, Januari na tena kiangazi kinapoanza, mimi sigusi kitu kirefu. Ni wakati wa Mtobwa, au hadithi fupi, kurasa tano kabla ya kulala. Vitabu vinene naviwekea Agosti na Septemba, mashamba yakiwa yamepumzika. Usijilinganishe na mtu wa ofisini.

Andika unachokisoma. Daftari langu la biashara, mbele lina madeni na uzito wa magunia, nyuma lina vitabu. Siku ileile ninayomaliza naandika jina, tarehe, mahali paliponigusa, mahali nisipokubaliana na mwandishi, na mtu wa kwenda kumuuliza. Hilo la mwisho usilisahau. Katika kurasa za Peponi nimeandika: kumuuliza mwalimu mstaafu kuhusu njia ya misafara. Katika Gamba la Nyoka: mbuzi.

Mwezi huu zamu ni yangu. Nimechagua Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Sababu iko kwetu: wakati wa ukoloni vijana wa Buha walichukuliwa kwa maelfu kwenda manamba katika mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro, na babu yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Yuko hai, anasikia kwa sikio la kushoto, na habari za Tanga huwa anazikata kwa kusema tulikwenda tukarudi. Fedha nimeshatuma. Kifurushi kinakuja na basi la Ijumaa, na Jumapili nitapanda kwake nikakae upande wa kushoto.